Milimita Saba za Kidevu

Jumatatu, 2 Juni

Leo nimekiona kidevu changu. Au niseme nimeona mahali ambapo kingepaswa kuwa.

Mfamasia wa duka la dawa la ng'ambo ya barabara ameingia studio. Mwenyewe, kwa miguu yake! Miaka mitatu mimi ndiye ninayevuka kwenda kwake, kila Jumatatu, kununua pipi za kikohozi. Leo amevuka yeye. Alitaka picha nne ndogo za kitambulisho. Nikamkalisha, nikamwomba anyanyue uso kidogo, nikainama nyuma ya kamera. Hapo ndipo kioo cha wateja, kile cha kuchania nywele, kikanionyesha mimi mwenyewe kwa upande. Mdomo, halafu shingo. Katikati hakuna kitu. Uso wangu unateremka toka mdomoni hadi kwenye kola bila kusimama popote.

Nina miaka arobaini na mmoja. Sikuwahi kujitazama kwa upande. Nani hujitazama kwa upande? Wenzetu ndio wanaotuona huko, na hawasemi.

Nikamuuliza, kama mtu asiyejali, kitambulisho ni cha nini. Anahamishwa. Kampuni inafungua tawi jipya mji mwingine, safari ya siku nzima kwa basi, na yeye ndiye atakayelisimamia. Anaondoka mwisho wa mwezi. Nikasema hongera sana, dada. Akasema asante, kaka. Dada na kaka! Miaka mitatu ulimi wangu unajenga ukuta huo, na kila wiki unaongeza tofali.

Kwa hiyo nina wiki nne za kusema nililoshindwa kusema miaka yote hii. Na sasa najua kwa nini nilishindwa. Neno zito linahitaji pa kuegemea. Muuza Magodoro wa mlango wa pili ana kidevu kama droo iliyosahauliwa wazi, na yeye humwambia yeyote chochote.

Nimeamua. Kidevu kwanza, maneno baadaye.

Jioni nimesafisha picha zake. Nimepunguza mng'aro wa paji la uso, nimenyoosha kola, nimefuta kidoti cheusi kilicho chini ya mdomo wake, kushoto. Hicho sikukusudia. Mkono umezoea kazi, ulikifuta kabla sijauwahi. Na kidoti hicho ndicho ninachokitazama kila Jumatatu anapohesabu pipi. Nikaiacha hivyo hivyo. Wateja wote hufurahi wakisafishwa.

Jumanne, 3 Juni

Mfamasia kapitia bahasha yake mapema, mbiombio, hakuifungua. Kaacha harufu ya sabuni ya hospitali mlangoni. Nilichelewa kufungua dirisha makusudi.

Nimepiga simu kliniki tatu kuuliza bei ya kidevu. Swali jepesi, lakini wote watatu walinijibu neno moja: inategemea. Inategemea nini? Inategemea daktari. Inategemea kidevu chenyewe. Inategemea kama ni kuweka kitu au kukata mfupa. Inategemea dawa ya usingizi. Wa tatu aliniambia inategemea mahitaji yangu, kwa sauti ya mtu anayejua mahitaji yangu. Nikakata simu.

Kisha nikakumbuka kuwa neno hilo hilo ndilo ninalowaambia maharusi wakiuliza bei ya picha. Nawakalisha kwenye benchi, natabasamu, nasema inategemea. Leo nimekaa kwenye benchi lile mimi. Ni gumu.

Alhamisi, 5 Juni

Kliniki iko ghorofa ya nne, ina lifti yenye kioo. Nilijua papo hapo kwamba nailipia lifti ile.

Kumwona daktari tu ni malipo, hata kama atakwambia urudi nyumbani. Na karibu aniambie hivyo. Ni mwanamke mpole, msemaji kidogo, ana rula ya plastiki kama ya mtoto wa shule. Akaniuliza nani kaniambia kidevu hiki kina tatizo. Nikasema kioo. Akanifungua mdomo, akatazama meno yanavyokutana, akasema yako sawa, napumua vizuri, natafuna vizuri, hakuna kinachonilazimisha. Nikasema kipo. Hakuuliza ni nini. Akapima. Milimita saba, akasema, zikiongezwa mbele, uso utakaa sawa.

Milimita saba! Miaka mitatu ya ukimya, kumbe ni upana wa kifungo cha shati.

Bei nitaiandika kwa harusi, maana ndiyo hesabu ninayoielewa. Mwaka mzuri napiga picha harusi kumi na mbili.

Sindano ya kujaza kidevu ni harusi mbili. Lakini inayeyuka, mwaka hivi, kisha unachoma tena. Nikajiona nimekaa mezani na mke wangu wa baadaye, tunakunywa chai, kidevu kinaondoka taratibu. Hapana.

Kipandikizi cha silikoni, kinachoingizwa chini ya ngozi na kukaa juu ya mfupa, ni harusi tisa. Kuukata mfupa wenyewe, kuusogeza mbele na kuukaza kwa skrubu, ni harusi kumi na sita, maana hapo kuna eksirei, kitanda cha hospitali, na daktari mwingine wa kukulaza usingizi. Bima hailipi hata senti, kwa sababu urembo si ugonjwa. Nikamwambia daktari kwamba kwangu ni ugonjwa. Akasema bima haitamwamini.

Tena bei inabadilika kwa mkono wa daktari. Aliyefanya videvu mia hafanani na aliyefanya vitatu. Nikauliza kama yupo wa vitatu. Akanitazama tu. Halafu kuna bandeji, dawa za maumivu, kurudi kukaguliwa, na siku ambazo studio itafungwa huku nikiwa nimevimba. Na kipandikizi kikihama au kikiingia vidudu, kukitoa ni bei nyingine.

Nina akiba ya harusi nne. Niliiweka kwa ajili ya kamera mpya. Samahani, kamera.

Ijumaa, 6 Juni

Njama ya kwanza ya kupunguza bei: niache dawa ya usingizi, nichomwe ganzi tu. Ni nafuu. Lakini ganzi maana yake uko macho, unasikia vyuma. Nikaamua kujipima. Nikamwomba dada yangu mkubwa, ambaye ni mshonaji na ndiye aliyenipa chumba cha uani, anichome pini kidogo kwenye kidevu nione kama nitavumilia. Akauliza kidevu kipi. Kisha akanichoma. Niliamka nimelazwa juu ya vitambaa vya mteja, dada ananipepea kwa karatasi ya kukatia sketi.

Basi, usingizi kamili. Bei imerudi palepale.

Akanishauri nifuge ndevu, ni bure. Amesahau kwamba nilifuga mwaka juzi. Zilitoka upande mmoja tu, na mwishowe aliyeniambia nizinyoe ni yeye.

Njama ya pili imenijia nikiwa bado chini. Kwenye ukuta wa kliniki kuna picha za wagonjwa, kabla na baada, zimepigwa kwa simu chini ya taa mbovu. Kijani kabisa, nyuso kama za watu waliookolewa majini. Mimi ni nani? Mpiga picha! Nikarudi ghorofa ya nne nimevaa koti.

Daktari amekubali, kwa shida kidogo. Jumamosi ya wiki ijayo wana siku ya kupokea wageni, waje waulize maswali na waone kazi. Nitamtengenezea picha kubwa za wagonjwa waliotoa ruhusa, kabla na baada, nizichape, nizitie fremu, nizipange ukutani. Yeye ataacha malipo ya mkono wake mwenyewe. Nitabaki kulipia kipandikizi, chumba cha upasuaji, dawa ya usingizi na bandeji. Harusi tano! Nikiuza taa yangu kubwa ya studio, nafika.

Amenipangia Jumanne ya tarehe 17. Uvimbe utapungua ndani ya wiki mbili, kama Mungu na barafu watanisaidia. Mwisho wa mwezi nitavuka barabara nikiwa na uso kamili.

Sharti lake ni moja. Amelisema mara mbili: nirekebishe rangi na mwanga, nyuso nisiziguse. Nimeumia kidogo. Ananichukulia kama fundi wa jana.

Jumatatu, 9 Juni

Siku ya pipi. Nimevuka. Muuza Magodoro alikuwa tayari kaegemea kaunta, kidevu chake kimefika kwa mfamasia kabla yake. Alikuwa anamwahidi godoro la kumsindikiza, la futi tano, sponji ngumu, bure, kwa ujirani mwema. Futi tano! Mtu anayelala peke yake la nini futi tano? Mfamasia akacheka, akasema atafikiria.

Nilitaka kusema jambo kubwa kuliko godoro. Nikasema nipe pipi za kikohozi, dada. Akanihesabia sita. Kidoti kipo palepale, kushoto. Nikarudi studio nikafungua droo kutia pipi mpya juu ya pipi za zamani, na droo imekataa kufunga.

Mchana kutwa nimefanya kazi ya kliniki. Nyuso nyingi. Nafungua moja, mkono unaenda, nafungua nyingine. Akili yangu ilikuwa ng'ambo ya barabara. Nikifanya kazi nikiwa na huzuni huwa nafanya vizuri zaidi, sijui kwa nini.

Jumatano, 11 Juni

Siku ngumu kuiandika.

Mfamasia amerudi na bahasha. Makao makuu wamezikataa picha. Wamesema sura haifanani na ya mtu waliyenaye kwenye faili. Aliziweka mezani moja moja, akauliza kwa upole kidoti chake kiko wapi. Ningesema ukweli. Ulikuwa mdomoni kabisa. Nikasema mashine, dada, siku hizi mashine zina kisirani.

Akakaa tena kwenye kiti. Wakati narekebisha taa akaniambia kuwa zamani akijificha na ndugu zake chini ya shuka, mama yake alikuwa anainua shuka kidogo tu, anaona kidoti, anajua ni nani wa kuamshwa kwenda shule. Akasema akijiona kwenye picha bila hicho, anajihisi kama mtu ambaye hakuna wa kumwamsha. Nikapiga picha tatu mfululizo bila kumwambia atulie.

Halafu akasema, bila kubadili sauti:

"Kaka, pipi sita za kikohozi kila Jumatatu, miaka mitatu. Mbona sijawahi kukusikia ukikohoa?"

Alisubiri. Nasema kweli, alisubiri. Mikono yake ilikuwa mapajani na alikuwa ananitazama mimi, si kamera.

Nikakohoa.

Nilikohoa vizuri sana, kwa muda mrefu, mpaka nikashika meza. Akainuka, akasema basi niongeze na maji ya moto, akaenda zake. Ningekuwa na kidevu ningemjibu. Siku sita tu zimebaki.

Picha zake za safari hii sikuzigusa. Kwanza nilikaa juu ya mkono wangu wa kulia.

Ijumaa, 13 Juni

Nimeuza taa kubwa. Kanunua mpiga picha wa shule, kaipima kwa macho kama anayenunua ng'ombe, kanipunja. Nimekwenda kliniki kulipa malipo ya awali, pamoja na akiba ya kamera. Mpokezi akanipa risiti na karatasi ya maelekezo: nisile tangu usiku, nije na mtu wa kunirudisha nyumbani. Mtu wa kunirudisha nyumbani! Nimekaa ndani ya lifti nikilifikiria jambo hilo, ikapanda na kushuka nikiwa ndani. Ninaye dada yangu, lakini sikumfikiria dada yangu.

Picha zimetundikwa. Ukuta mzima, safu ya juu kabla, safu ya chini baada. Zinang'aa. Daktari alikuwa chumba cha upasuaji, ataziona kesho pamoja na wageni.

Jumamosi, 14 Juni

Sijui nianzie wapi. Nianzie kwenye juisi. Juisi ilikuwa nzuri.

Wageni walijaa. Walisimama mbele ya ukuta wangu, wakatazama juu, wakatazama chini, wakatazama tena juu. Mimi nikadhani wamepigwa na butwaa kwa uzuri wa kazi. Kisha bwana mmoja mwenye miwani akamuuliza mpokezi safu ipi ndiyo kabla.

Nami nikatazama.

Safu ya juu ilikuwa na videvu. Vyote! Vizuri, vya wastani, kila uso na chake. Mkono wangu ulikuwa umewafanyia upasuaji wote kabla daktari hajawafikia. Pua zimenyooka, makunyanzi yamekwenda, mashavu yamepanda. Jumatatu ile ya huzuni! Nilifanya vizuri zaidi, kama nilivyosema. Wawili au watatu walikuwa wazuri juu kuliko chini, na bwana mwenye miwani akataka kujua kama kliniki inaweza kumfanya mtu awe kama alivyokuwa.

Watu wakaanza kuuliza bei kwa sauti ya watu wanaotaka kupunguziwa. Mpokezi akasema inategemea, inategemea, lakini safari hii hakuna aliyeogopa neno hilo.

Kilichoniumiza si hicho. Alikuwepo mwalimu mstaafu, mgonjwa wa zamani, aliyealikwa aone picha yake. Alisimama mbele ya ile ya juu. Akamwita daktari, akamuuliza taratibu:

"Kumbe nilikuwa mzuri hivi?"

Daktari akageuka. Alinitafuta kwa macho. Nilikuwa nyuma ya ua la plastiki, lakini halikuwa pana.

Aliniambia maneno machache, akiwa bado mpole, na hilo ndilo baya. Gharama za kuchapa upya zitatoka kwenye malipo yangu ya awali. Kitakachobaki nitarudishiwa. Nikitaka kidevu, nije kama mteja mwingine yeyote, kwa bei kamili. Jumanne imefutwa.

Nikaenda kuita lifti. Mlango ukafunguka, na aliyekuwa ndani ni Muuza Magodoro! Tukatazamana. Alijaribu kujitia hamnazo, akasema anatafuta ofisi ya kodi. Mkononi alikuwa na karatasi ya kliniki. Mwisho akakiri, akitazama viatu vyake. Anataka kidevu chake kipunguzwe. Akasema watu hawamtazami machoni wakiongea naye, wanamtazama hapo. Alimwahidi mfamasia godoro la bure, na mfamasia aliiangalia droo yake ya kidevu muda wote, akacheka. Usiku ule hakulala.

Kidevu kile nimekitamani wiki mbili nzima. Nikampeleka kwa mpokezi, nikamuuliza kama, kwa kuwa huyu anazo milimita za ziada na mimi nazihitaji, tungeweza kupata bei ya jumla. Mpokezi akamwita mlinzi.

Jumapili, 15 Juni

Nimemweleza dada yangu yote. Alicheka mpaka akalazimika kutema pini alizoshika mdomoni, akaziokota, akacheka tena. Baadaye akaweka pini mezani. Akasogea dirishani, akageuka upande, akaniambia nimtazame.

Ni kile kile. Mdomo, halafu shingo. Miaka yote nakula naye meza moja na sikuona.

"Umewahi kuniona nimepungukiwa?" akauliza.

Nikasema hapana. Akasema marehemu shemeji yangu kila alipopita karibu na cherehani yake alikuwa anakishika kidevu hicho kwa vidole viwili, hivi, kisha anaendelea na safari yake. Akasema anakosa vidole vile kuliko anavyokosa kitu kingine chochote humu ndani. Alisema akiwa ameshika kidevu chake mwenyewe, kwa vidole viwili.

Nilikaa naye mpaka jua likazama. Nikamtungia uzi kwenye sindano. Halafu nikiwa kitandani nikafikiri, nikakumbuka kwamba shemeji alikuwa haoni vizuri.

Jumatano, 18 Juni

Kitambulisho chake kimetoka haraka. Picha nzuri, wamesema makao makuu. Kwa hiyo hasubiri mwisho wa mwezi. Anaondoka Jumamosi. Nimejikatia kamba mwenyewe! Ningekifuta kidoti mara ya pili, angebaki wiki moja zaidi. Nimeona aibu kufikiri hivyo, lakini nimelifikiri mara nyingi.

Alivuka mwenyewe kuja kuniambia. Alisimama, hakukaa. Akatazama pembe ilipokuwa taa kubwa, akauliza iko wapi. Nikasema inatengenezwa. Akasema huko aendako Jumatatu zitakuwa ndefu, hakuna atakayekuja na kikohozi kisichosikika. Kisha akafungua mkoba, akaufunga bila kutoa kitu, akasema:

"Nipe picha yako moja. Ndogo tu. Niiweke kaunta."

Nikasema sawa, dada. Sawa, dada! Mtu anakuomba uso wako na wewe unamwitikia kama umeagizwa mkate.

Ila ameomba picha yangu. Naliandika tena nilione. Ameomba picha yangu.

Alhamisi, 19 Juni

Nimejipiga picha. Sina taa, nimeazima ya cherehani ya dada. Nimekaa kwenye kiti alichokaa yeye, nikatazama mahali niliposimama mimi siku ile, nikabonyeza.

Picha ya kwanza nimeitazama muda mrefu. Mwanaume mwenye macho ya kuchoka kidogo, anatabasamu kama anayemwona mtu anakuja kutoka mbali. Kidevu hana. Dada alipita nyuma yangu na sahani, akasimama, akasema hiyo hiyo, usiiguse. Akaenda jikoni.

Nimegusa kidogo. Milimita saba tu, zile zile za daktari. Zikapendeza. Nikaongeza mbili za akiba.

Jumamosi, 21 Juni

Basi la saa mbili asubuhi. Nilifika stendi nimevaa koti. Muuza Magodoro alikuwepo kabla yangu, anafunga godoro juu ya basi kwa kamba, jasho linamtoka, hataki msaada. Godoro la futi tatu. Nilimheshimu kwa hilo.

Mfamasia alishuka kwenye ngazi ya basi kuja kunipokea bahasha. Akaifungua pale pale. Safari hii akaifungua! Akaitazama. Akanitazama mimi. Akaitazama tena, kwa muda mrefu, kuliko mtu yeyote alivyowahi kutazama picha yangu yoyote. Moyo wangu ulikuwa unagonga koti.

"Huyu simjui," akasema. "Mimi nilimtaka yule anayekuja Jumatatu."

Akanirudishia bahasha. Dereva akapiga honi. Akapanda ngazi moja, akageuka, kidoti chake kikawa sawasawa na macho yangu.

"Niletee yako. Uilete mwenyewe. Duka liko nyuma ya stendi, utaliona."

Mlango ukafungwa. Alikaa upande wa dirisha, akaweka vidole viwili kwenye kioo. Basi likatoka, nami nikalifuata hatua chache mpaka nikagongana na muuza magazeti.

Hakuniita kaka. Nimelikumbuka nikiwa njiani kurudi. Pengine ilikuwa haraka ya safari.

Jumatatu, 23 Juni

Nimevuka barabara kwa mazoea. Yuko mfamasia mpya, mwanaume, mwenye ndevu mpaka kifuani. Akanihesabia pipi sita bila kunitazama. Nimezilipia. Nimekula moja nikiwa nimesimama nje, ya kwanza katika miaka mitatu. Ni chungu, jamani. Sikujua.

Barabara yote ile na hakuna wa kuvukiwa.

Nimewaza siku mbili na mambo yamenikaa sawa. Amesema niende mwenyewe. Nitakwenda! Nauli ninayo, kliniki wamerudisha kilichobaki. Lakini nitakwendaje? Ameshaiona picha yenye kidevu. Aliitazama muda mrefu, hata dereva ni shahidi. Nikishuka kwenye basi na uso huu, ataniona tapeli. Haiwezekani mtu aahidi kidevu kwa picha kisha aje bila.

Ile picha ya kwanza, isiyoguswa, dada aliitoa kwenye takataka akaiegemeza kwenye kioo cha wateja. Nimeitia kwenye droo chini ya pipi, isije ikaonekana na mtu.

Mchana nimetafuta namba ya kliniki ya mji ule alikohamia. Iko karibu na stendi, nyuma kidogo, mtaa mmoja na duka lake. Akapokea binti mwenye sauti nzuri. Nikamwambia nataka kujua bei ya kidevu kimoja, cha kiume, milimita tisa.

Akasema inategemea.

Nikavuta kiti, nikakaa, nikamuuliza inategemea nini.